Upande Aliolazwa Nassor

London,
Jumapili, mwisho wa Oktoba

Dada yangu Zeyana,

Salamu zangu zikukute umeshamaliza kazi za ndani na umekaa kitako, maana hii si barua ya kusomwa kwa kusimama. Mimi ni mzima wa mwili. Kifua kinanibana asubuhi, kama kila mtu huku ukishaingia ubaridi, lakini nala, nalala, na kazini naenda. Nyinyi je? Mguu wa Bimkubwa umepungua uvimbe? Yale mafuta ya kuchulia niliyompa mtoto wa Bi Salma yamefika, au yameishia njiani kwenye miguu ya watu wengine? Shemeji naye ameacha kukohoa? Nijibu yote moja moja. Usiniandikie "hatujambo" tupu kama ilivyo ada yako, nikabaki kubuni mwenyewe nani anaumwa.

Kabla hujaendelea, nina ombi. Barua zangu zote humsomea Bimkubwa kwa sauti, naye husikiliza mpaka salamu ya mwisho. Hii usimsomee bado. Isome peke yako kwanza. Akikuuliza, mwambie ni ndefu na utamsomea kesho. Huo si uongo, na uongo nimeshausema wa kutosha mimi. Bahasha ikifika imefunguliwa usishituke. Aliyeifungua hakuambulia kitu ila habari za maiti.

Unakumbuka ulivyoniandikia baada ya msiba wa Kaka Nassor kule Amerika. Ulisema Bimkubwa hakuuliza mwanawe kafaje, wala nani kamwosha, wala watu wangapi wamemsindikiza. Aliuliza neno moja tu: "Kalazwa vipi mwanangu, kaelekea wapi?" Nami nikamjibu kwa mkono wangu huu: kalazwa kwa ubavu wa kulia, kaelekea kibla, mama, roho yako itue. Ukaniandikia kwamba usiku ule ndio wa kwanza kulala usingizi tangu ifike simu ya tanzia.

Najua kwa nini aliuliza vile, na wewe unajua. Baba alitoka nyumbani wiki ile baada ya mapinduzi na kanzu yake ya nyumbani, akasema narudi sasa hivi, na mpaka leo hatuna kaburi la kulisomea. Miaka yote hii Bimkubwa anamwombea mume ambaye hajui kalala wapi wala kaelekea wapi. Basi mtoto huyu, angalau. Dada, jibu lile lilikuwa la uongo. Nilipoliandika sikujua, lakini kutojua kwangu hakukulifanya kweli.

Nikueleze ilivyokuwa. Simu ya nyumba ninayopanga iko chini ya ngazi, na mwenye nyumba hapendi tuitwe. Siku ile ya Februari alinigongea mlango mwenyewe, akasema kwa upole nisiouzoea kwake kwamba kuna simu ya mbali. Mwanamume wa sauti nzito, anayesema polepole kama anaburura gunia, alijitaja kuwa Walter, jirani yake Nassor. Akaniambia ndugu yangu amezama kwenye mahindi. Nilidhani sikusikia, akarudia. Nassor alikuwa akifanya kazi kwenye ghala refu la nafaka, lile la mviringo. Alishuka ndani kuvunja mahindi yaliyogandamana juu, na chini yake palikuwa patupu. Yakafunguka yakamchukua. Walilikata ghala ubavuni kwa misumeno ya chuma ili wamtoe. Bimkubwa anajua ni ajali ya kazini. Aishie hapo hapo, tafadhali.

Huyo Walter akasema: "Theluji imefunga njia. Waislamu wa karibu wako mwendo wa saa tatu kwa gari, na hawawezi kufika. Kaburi tutachimba sisi. Nieleze watu wenu mnavyozika, nami nitafanya kama utakavyosema."

Nikamweleza, nimesimama chini ya ngazi na soksi moja. Maji mara tatu. Nguo nyeupe. Bila ya sanduku kama sheria yao inaruhusu. Ubavu wa kulia, shavu liguse udongo, uso uelekee kibla.

"Hicho kiko upande gani?"

"Kaskazini."

"Una hakika?"

"Ndiyo. Kaskazini."

Nilijibu kama mtu anayeulizwa jina lake. Sisi tumezaliwa kibla kiko kaskazini. Msikiti wetu wa Kikwajuni umeangalia huko, mbuzi wa Idi amelazwa kuangalia huko, na Bimkubwa alikuwa akitupiga tukinyoosha miguu huko. Hata hapa London nageukia kusini mashariki kila siku, na sijawahi kulifikiria, maana mwili umeshazoea kona ya chumba. Lakini ulimi, Dada, ulimi ulibaki Kikwajuni. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilikuwa nikidhani ni maneno ya kuwaonya wasengenyaji.

Sisi wa hapa tukamsalia ghaibu Ijumaa yake, watu kumi na moja, mvua inanyesha. Nikakuandikieni ile barua. Nikarudi kwenye kazi yangu ya kufua mashuka ya hospitali, na Mungu anisamehe, nilikuwa najiona nimefanya la maana.

Unamkumbuka Maalim Haroub, aliyetusomesha jiografia skuli, yule aliyekuwa akitandika kwa rula huku anataja miji mikuu? Siku hizi ni mlinzi wa jengo la ofisi. Amevalishwa koti lenye vifungo vya shaba na huwafungulia milango vijana ambao hawajui kwamba amewazidi kusoma. Kila Jumamosi tunakutana Edgware Road, kwenye mkahawa wa Mwarabu, tunakunywa chai mpaka tunatazamwa kwa jicho la kuondoka. Mwezi wa nane hivi nilimsimulia habari ya maziko ya Nassor. Nilikuwa najisifu, nakwambia kweli. Namna nilivyomwelekeza Mzungu kwa simu mpaka akamzika ndugu yangu Kiislamu.

Maalim akaacha kukoroga sukari. "Ulimwambia upande gani?"

"Kaskazini, Maalim."

Akalipa chai, akaondoka. Jumamosi ya pili alikuja na tufe la dunia ndani ya mfuko wa plastiki, kaliazima kwa Mhindi mmoja wa Kingsbury aliyekuwa na duka Darajani zamani. Akaliweka baina ya vikombe, akatoa uzi mfukoni. Akabana ncha moja Makka kwa kidole gumba, akauvuta mpaka kwenye jimbo la Ohayo, alikokuwa akiishi Nassor. Akaukaza. Uzi haukwenda nilikodhani. Ulipanda juu, ukapita juu ya bahari kuu upande wa kaskazini, ndipo ukashuka.

"Ukitazama ramani ya ukutani utadhani kibla cha huko ni mashariki," akasema. "Ukitazama tufe, ndiyo hii njia ya mkato. Nusu baina ya kaskazini na mashariki, na kidogo zaidi kwa mashariki. Si kaskazini, Masoud."

Nikamwambia labda ni jambo dogo.

"Huenda. Mimi si shekhe. Lakini Nassor angelijua. Darasani yeye ndiye niliyekuwa nikimpa ncha ya pili ashike."

Nikaenda kwa shekhe, mtu mpole mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Akanisikiliza. Akasema katika madhehebu yetu maiti akizikwa kwa kuelekezwa pasipo kibla, kaburi hufukuliwa akageuzwa, madamu mwili haujabadilika. Ukishabadilika, aachwe, kosa ni kosa, na Mungu ni Mwingi wa rehema.

"Nitajuaje kama umebadilika?"

"Waulize wanaoujua udongo wa huko," akasema. "Mimi naijua fatwa, udongo siujui."

Basi nilichukua likizo yangu, na akiba niliyokuwa nikiiweka nije kukuoneni nikaikatia tiketi ya Amerika. Kwa hiyo msinitazamie mwaka huu, wala ujao. Nilikuwa sijui nikwambieje, nimekwambia.

Nikwambie alikokuwa akiishi ndugu yetu, kwa sababu yeye katika barua zake alikuwa akiandika "mahali pazuri, patulivu," na wewe na Bimkubwa mmejichorea bustani. Dada, ni patambarare. Hapana kilima, hapana jabali, hapana mahali jicho linaposhika. Imegawanywa kwa shehia kama kwetu, lakini imepimwa. Walter, ambaye alikuja kunipokea kituo cha basi akanizungusha na gari lake la mizigo, alinieleza kwamba zamani walikuja wapimaji wa serikali na minyororo ya chuma wakaikata ile nchi mraba mraba. Kila shehia ni maili sita kwa sita, ndani yake viwanja thelathini na sita vyenye nambari, kimoja kimewekewa skuli. Kila maili pana barabara, imenyooka kaskazini kusini au mashariki magharibi. Nyumba zimefuata barabara, mashamba yamefuata nyumba, na makaburi yamefuata mashamba. Huko mtu hawezi kupotea na hawezi kujificha.

Kabla ya wapimaji walikuwapo wenyewe. Walisainishwa karatasi, kisha wakaondoshwa na askari kupelekwa magharibi. Nilimuuliza Walter walifika wapi. Akasema babu yake hakusema na yeye hakuuliza. Nikaliacha hapo, maana sisi hatuhitaji kufundishwa habari ya watu kuondoka na wengine kulala vitandani mwao.

Mababu zake Walter ni Wajerumani. Walipofika walikuta kinamasi kitupu, maji ya magoti na homa. Wakachimba mitaro, wakajenga tanuri la kuchoma mabomba ya udongo, wakayazika chini ya kila shamba mpaka maji yakatoka. Walter anasema chini ya ile nchi kuna mabomba mengi kuliko barabara zilizo juu yake. Nassor alipokwenda huko kutoka chuoni, baada ya kushindwa kuendelea na masomo, alianzia kwenye tanuri lile. Likafungwa, akaenda kwenye ghala. Skuli nayo ilishafungwa, siku hizi humo wanaweka matrekta. Treni iliacha kupita na reli zikang'olewa zikauzwa chuma chakavu. Limebaki kanisa, ghala, posta, na baa moja yenye wazee wanne. Mahali pale palikuwa pagonjwa kabla Nassor hajafika, na yeye akakaa kama mtu anayeuguza.

Iko njia moja tu iliyowashinda wapimaji. Ni njia ya wale wenyewe wa kwanza. Inakata mashamba upogo, haijali viwanja wala nambari, inakwenda kaskazini mashariki mpaka inatoka nje ya shehia. Nyumba ya Nassor iko kando ya njia hiyo. Ya mbao, vyumba viwili, ina miezi haijafunguliwa madirisha. Ukutani nilikuta picha ya Bimkubwa, ile aliyopiga siku ya harusi yako amenuna. Nimeichukua, ninayo.

Makaburini tulikwenda asubuhi ya pili. Walter ni mmoja wa watu watatu waliochaguliwa na wenzao kutazama barabara, mitaro na makaburi. Kama masheha watatu badala ya mmoja, na wote watatu wanalima. Kaburi analichimba mwenyewe. Ana miaka sabini, mgongo umepinda, na ukimwuliza jambo hutazama mbali kwanza. Nilimkuta ameweka jiwe dogo kwa Nassor, na jina amelipatia, herufi zote. Makaburi yote pale yamelala mashariki magharibi kwa mstari, na Nassor yumo ndani ya mstari ule ule, ila kichwa chake kiko wenzake walipo na miguu.

Nikamwambia niliyokuja nayo. Nilimwambia kwamba nilikosea, kwamba si kaskazini. Nilikuwa nimejitayarisha kumweleza habari ya tufe na uzi, nikaanza, naye akainua mkono.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Najua si huko. Alikuwa akisali mchana kwenye banda langu, juu ya gunia tupu, maana ghalani pana vumbi. Miaka saba nilimwona. Akifungua mlango wa banda akiangalia inakokwenda njia ya zamani. Siku moja nikamuuliza mbona hageukii linakotoka jua. Akachukua tufaha, akalichora kwa kisu, akanionyesha. Akasema wapimaji wote wa Ohayo walikosea, waliopatia ni wale waliofukuzwa." Akacheka kidogo, akaacha. "Alikuwa na mzaha yule."

Dada, nilimchukia mtu yule, dakika nzima. Nikamwambia, "Ulijua, na ukamlaza kaskazini?"

"Nilijua alikogeukia akiwa hai. Maiti wenu wanageukia wapi sikujua, huenda ni pengine. Nikakuuliza wewe. Nikakuuliza mara mbili." Akanitazama usoni, jambo ambalo yeye halifanyi. "Wewe ni ndugu yake. Nani mimi nimwambie mtu wa damu yake kwamba hajui dini yake? Halafu kaskazini iliingia vizuri kwenye mstari. Nikaona basi, mambo yamekaa sawa."

Nilikaa chini pale pale kwenye majani yenye baridi nikalia. Nililia kwa aibu kuliko huzuni, nakiri. Mgeni asiye wa dini yetu, anayekula nguruwe, alikijua kibla cha ndugu yangu. Mimi nililala naye kitanda kimoja miaka kumi, tukasoma chuo kimoja cha Kurani, nikampotosha kwa neno moja la simu. Na kama ningesema "sijui" tu, neno jepesi hivyo, Walter angemgeuza kama alivyomzoea, na Nassor angekuwa sawa leo.

Nilipotulia nikamuuliza habari ya udongo, kama shekhe alivyosema. Akaniambia ni ule ule wa kuchomea mabomba. Maji hayapiti wala hewa haiingii. Waliwahi kuhamisha makaburi ya kanisa la zamani, na baadhi ya waliowatoa walikuwa hawajabadilika baada ya muda mrefu, wengine walikuwa mifupa. "Huenda bado yuko vile vile," akasema. "Huenda hayuko. Siwezi kukuapia." Akasema pia kwamba mwisho wa Desemba ardhi huganda kama saruji, na ikishaganda haichimbiki ila kwa moto na sululu, kama alivyomchimbia Nassor, jambo lisilofaa juu ya maiti, hivyo ni kungoja masika. Tukingoja masika, hata fatwa yenyewe haitokuwa na kazi.

Nikamwambia tufukue sasa, leo. Hapo ndipo iliponishinda. Ofisi ya shehia ni meza ya jikoni ya bibi mmoja karani, na muhuri wake anauweka ndani ya kopo la biskuti. Alinikarimu kwa kahawa na andazi lake tamu mno, kisha akanisomea sheria. Kaburi halifunguliwi ila kwa idhini ya jamaa wa karibu kabisa. Kwanza mke, hakuoa. Kisha mtoto, hana. Kisha mzazi.

"Mimi ni ndugu yake," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyetoa maelekezo."

"Mama yu hai?" akauliza.

"Yu hai."

"Basi ni mama," akasema, akanipa fomu. Ndiyo hiyo iliyomo ndani ya bahasha hii.

Sasa unaelewa kwa nini nimekwambia ukae kitako. Bimkubwa hasomi wala haandiki, atatia dole gumba, na shemeji atasaini kuwa shahidi. Lakini hawezi kutia dole bila kujua analitilia nini. Sikufichi: ndani ya ndege nilipata wazo kwamba wewe umwambie ni karatasi ya kazini kwake tu, ya haki za marehemu, atie dole yaishe, na kaburi ligeuzwe, na asijue maisha kwamba kulikuwa na kosa. Nimelikalisha wazo hilo siku tatu, nikaliona lina sura nzuri sana. Nimelikataa. Nimeshamwambia mara moja kwamba mwanawe yuko sawa ili alale. Nikimwambia mara ya pili, hata ikiwa kweli, nitakuwa nimemwibia.

Mweleze wewe, Dada, kwa maneno yako. Unaijua saa yake. Mwambie yote: simu, kaskazini, tufe la Maalim, Walter na tufaha lake. Mwambie shekhe kasema ikiwa mwili haujabadilika ageuzwe, na ukibadilika aachwe, na kwamba hapana ajuaye mpaka kaburi lifunguliwe. Akisema tumwache mtoto alale, Mungu anamjua alipo, neno lake ni hilo na mimi sitolirudia tena. Akitia dole, nitumie fomu siku hiyo hiyo, kwa ndege, usingoje mtu wa kumpa mkononi. Nimeshasema kazini kwamba huenda nikaondoka ghafla, na msimamizi wangu kasema nikiondoka nisirudi. Maalim kasema atanitafutia kazi ya mlango pale kwake. Walter atachimba kwa upogo, ili uso ufuate njia ile, nje ya mstari wake. Ndani nitaingia mimi.

Jambo moja nakuomba kuliko yote. Usimwambie ni Wazungu waliokosea. Najua utataka kunihifadhi, wewe tangu utoto ulikuwa ukisema ni paka aliyevunja. Mwambie ni Masoud. Aliulizwa mara mbili, akajibu mara mbili.

Alasiri yangu ya mwisho kule niliisali kando ya kaburi. Niligeukia njia ya zamani, na yeye chini yangu kageukia kwingine, tumepishana kama watu waliogombana. Hatukuwahi kugombana sisi. Nilimwomba radhi kwa sauti, peke yangu uwanjani, na Walter alikwenda kukaa garini akazima injini.

Nisalimie shemeji, mumeo, na mwambie kifua si cha kuchezea, aache tumbaku. Nisalimie shangazi yetu mkubwa, mwambie picha yake aliyokuwa nayo Nassor ninayo pia. Msalimie jirani yetu wa ukuta mmoja, aliyeweka khitima ya Nassor uani kwake, na yule fundi cherehani aliyekuwa rafiki yake wa karibu; naye anastahiki kujua, lakini baada ya mama. Watoto wako wapige busu wote. Bimkubwa mbusu mkono kwa niaba yangu kabla hujaanza kusema, maana baadaye sijui kama atalipokea busu langu.

Ni mimi mdogo wako niliyeulizwa,
Masoud

Nilisahau. Pa kutia dole nimepawekea alama ya penseli, chini, kulia. Ile karatasi kwa asiyejua kusoma haina juu wala chini, na Bimkubwa akipewa kitu hukishika kama alivyokipokea. Mgeuzie wewe.